Uso, Kila Robo Saa

Jumapili ya sita mfululizo kioo cha simu kilikuwa cheusi tii, na Gerlof Wiersum, mwanamaji mstaafu wa Uholanzi, mtu wa miaka sitini na saba mwenye magoti ya miaka tisini, aliutazama weusi ule akasema, "Mzuri."

"Ahsante," ilijibu sauti ya Denzil Trewin kutoka Plymouth, Uingereza. "Na wako nauona. Sura kama kiatu kilicholowa, lakini mzuri."

"Kamera yako bado tu?"

"Bado. Simu ikishaogelea chooni, bwana, haitaki tena kuona dunia."

"Nunua nyingine, we Maharage."

"Niletee ya mbao, we Kiatu cha Mbao."

Wakacheka. Ndivyo walivyotaniana, Mwingereza kwa maharage yake ya kopo na Mholanzi kwa viatu vyake vya mbao. Kicheko cha Denzil kilikokota kidogo mwishoni, kama mtu anayeburuta kiti. Kisha wakaagana, Gerlof akailaza simu kifudifudi mezani. Saa tano na dakika nne. Hapo ndipo wiki yake ilipoisha, maana baada ya hapo hakuna ambaye angemsemesha mpaka Jumapili nyingine, ukiacha ile mashine ya dukani inayomwomba achukue risiti yake.

Alijimiminia kahawa, akatoa biskuti moja, akafunga mkebe. Biskuti moja kwa kikombe kimoja, ndivyo alivyolelewa. Nje, upepo wa Den Helder, mji wake, ulikuwa umeshuka kutoka juu ya tuta la bahari na kuanza kutikisa mlango wa banda la baiskeli, na ng'ambo ya ua Bi Terpstra, jirani yake, alimpungia mkono kupitia dirishani. Naye akampungia. Walikuwa wamepungiana hivyo kwa miaka mitatu, tangu Aafke, mkewe Gerlof, alipozikwa. Kwa mikono ile wangeweza kuongoza ndege, lakini maneno hayakuwahi kuvuka ua.

Alikuwa anasuuza kikombe ndipo mkono ukamganda chini ya bomba.

Mzuri. Amesema mzuri. Kwa nini? Kwa uso gani? Jumapili sita amekitazama kipande cha kioo cheusi na kukitolea ushahidi.

"Wee Gerlof," alijiambia kwa sauti, na sauti yenyewe ikamshtua, kwa kuwa haikuzoeleka mle jikoni. "Umeifanya tena."

Ili tujue aliifanya lini mara ya kwanza, itabidi turudi nyuma mpaka kwenye theluji.

Mwaka 1978, wakubwa wa nchi mbili walikaa mahali penye joto wakaamua kwamba wanamaji wa Uholanzi na wanamaji wa Uingereza wapelekwe kaskazini mwa Norwei, wajifunze pamoja kuishi na kupigana kwenye barafu. Waholanzi hawakujua kuteremka mlima kwa mbao za theluji, kwa sababu mlima wa kwanza wengi wao kuuona ulikuwa ule wa siku ile. Waingereza wao waliteremka vizuri sana, ila kwa makalio. Kamanda mmoja akaona afadhali awachanganye: kila hema watu wawili, Mwingereza mmoja na Mholanzi mmoja, walaumiane wenyewe. Gerlof akapangwa na kijana wa Cornwall mwenye masikio makubwa, Denzil Trewin, aliyekuwa akiimba usingizini.

Sheria ya kule ilikuwa moja, nyingine zote ni mapambo. Kila robo saa sajenti alipaza sauti, "Uso!" Msafara unasimama. Kila mtu anamgeukia mwenzake wa hema na kumkagua pua, mashavu, masikio, akitafuta doa jeupe kama nta. Maana nyama inayokufa kwa baridi haiumi. Mwenye uso hajui lolote, yeye anajisikia vizuri kabisa, pengine kuliko jana. Anayejua ni yule anayemtazama. Na majibu ni mawili. Ukisema "mzuri", mnaendelea. Ukisema "mbaya", watu wote wanasimama, hema linapigwa papo hapo, chai inachemshwa, na hakuna wa kusogea hatua moja hata jenerali akilia.

Mambo yalikwenda salama wiki tatu. Wiki ya nne mama yake Gerlof alimtumia kifurushi, na ndani yake mlikuwa na boksi la chembe za chokoleti, zile ambazo Waholanzi hunyunyizia mkate wenye siagi asubuhi, wakubwa kwa wadogo, bila haya. Gerlof alilificha chini ya begi la kulalia. Alikuwa ameliweka kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa, ambayo ilikuwa kesho kutwa. Asubuhi ile zamu ya kupika ilikuwa ya Denzil. Akalikuta boksi, akafurahi kama aliyeokota pete, akalimwaga lote kwenye sufuria ya uji.

"Karibu mezani, bwana mkubwa," alisema, akimnyooshea Gerlof bakuli la matope ya kahawia. "Leo tunakula kitajiri."

Gerlof alikula bila kuinua kichwa. Kijana wa miaka ishirini, yuko mbali na kwao, kilichobaki cha kwao kimemwagwa kwenye uji wa Mwingereza. Leo angecheka. Siku ile hakucheka.

Mchana, ambao kule na wakati ule wa mwaka ni kiza cha bluu, upepo ulianza kupiga kutoka kulia. "Uso!" Denzil akamgeukia. Gerlof akageuka nusu shingo, tochi mkononi, akaiacha imezimwa. "Mzuri," alisema, macho yake kwenye mbao zake mwenyewe. Robo saa nyingine: mzuri. Nyingine tena: mzuri. Mara ya nne sajenti alipita karibu, akammulika Denzil, na sikio lake la kulia lilikuwa jeupe kama mshumaa wa kanisani.

Madaktari waliokoa sikio, ukiacha ncha ya juu. Sajenti alimwita Gerlof. Akamuuliza kwa nini hakuliona lile doa, na Gerlof akajibu, "Tochi ilikufa, Sajenti. Betri ziliganda."

Sajenti akampa betri mpya, na mambo yakaishia hapo.

Ila hayakuishia hapo, kwa sababu Denzil aliufanya utani. Tochi ya Kiholanzi! Alisimulia baa, alisimulia kwenye harusi ya Gerlof, akisimama juu ya kiti na kuinamisha kichwa ili mabibi wa mkoa wa Friesland wajionee wenyewe sikio lililokatwa kichwa. Na kila Desemba, kila mwaka bila kukosa, posta ilileta kwa Gerlof bahasha ndogo kutoka Plymouth yenye betri mbili zilizofungwa kwa karatasi ya Krismasi. Gerlof hakuwahi kutumia hata moja. Zilikuwa kwenye droo ya kabati la ukumbini, tisini na mbili, nyingi zimevuja na kuota ukungu wa kijani.

"Kwa nini huzitumii?" Aafke aliwahi kumuuliza. "Redio imekufa juzi, na wewe una betri za kuwasha Amsterdam."

"Ni kumbukumbu," alimjibu.

Ukweli wa ile tochi Gerlof hakumwambia hata Aafke.

Alipokufa Aafke, Denzil ndiye aliyekuja kwa feri, amevaa suti iliyombana, akasimama naye kaburini bega kwa bega katika mvua ya ulalo. Hakutoa hotuba. Watu walipotawanyika alimgeuza Gerlof kwa mabega na kumtazama muda mrefu, pua, mashavu, masikio. "Kuanzia sasa," alisema, "kila Jumapili saa nne kwangu, saa tano kwako. Uso. Utake usitake." Naye alikuwa peke yake, mke aliondoka zamani na fundi wa mabomba, binti yuko Perth, Australia. Miaka mitatu hakukosa Jumapili hata moja, wala hakuficha uso. Mpaka ile ya kwanza kati ya sita, alipopiga kwa sauti tu na ulimi mzito, akasema ametoka kwa daktari wa meno, mdomo una ganzi.

Jumapili! Daktari gani wa meno anafanya kazi Jumapili? Gerlof alisimama na kikombe chake, maji yakizidi kutiririka. Wakati ule alicheka tu.

Alimpigia siku ya pili yake, Jumatatu, kitu ambacho hawakuwahi kufanya.

"Nakuja," alisema.

"Unakuja wapi?"

"Huko. Kukuona."

"Haiwezekani. Nina wageni."

"Wageni gani?"

"Binti yangu."

"Binti yako yuko Perth."

"Basi mafundi. Paa linavuja."

"Nitashika ndoo."

"Gerlof. Usije."

Hakumwita Kiatu cha Mbao, wala Kichwa cha Jibini, wala lolote kati ya yale majina aliyompachika kwa miaka arobaini na sita. Mara ya mwisho Denzil kumwita kwa jina lake ilikuwa pale kaburini. Gerlof akakata simu na kwenda kutafuta pasipoti.

Hakuwa amevuka mji wake tangu mazishi. Alifunga gesi, akaifungua, akaifunga tena. Alimpungia Bi Terpstra kutoka kizingitini akiwa na begi, na yule mama akabaki mkono hewani, mdomo wazi, kama aliyeona mnara wa taa unatembea. Gari moshi mpaka Rotterdam, jingine mpaka Hoek van Holland, dukani pale bandarini akanunua boksi moja la chembe za chokoleti, akapanda feri ya mchana. Ndani ya feri alichagua kiti dirishani. Meza ilikuwa na viti vinne. Familia moja ikaja ikamuuliza kwa adabu kama viti vile vitatu vina watu. Akasema havina. Wakavichukua, wakaenda navyo meza nyingine, na Gerlof akasafiri saa sita akiwa na meza kubwa na bahari yote ya Kaskazini.

Upande wa pili, Harwich, afisa wa uhamiaji alifungua pasipoti, akatazama picha, akamtazama yeye, akarudi kwenye picha.

"Vua kofia, tafadhali."

Akavua.

"Ni wewe huyu?"

"Nilikuwa mimi," alisema Gerlof.

Afisa hakucheka. Alimtazama tena, taratibu, kuanzia paji la uso hadi kidevu, kama mtu anayesoma. "Umepungua mno, bwana," alisema, akagonga mhuri. Gerlof akabaki amesimama pale na kofia mkononi. Muda mrefu hakuwa ametazamwa na mtu aliyesimama mbele yake, na mwili ulikuwa umesahau kwamba kutazamwa kukiisha inabidi uondoke. Nyuma yake watu wakaanza kukohoa.

Alilala kwenye nyumba ya wageni yenye zulia la maua, na kesho yake akapanda gari moshi kwenda London, na kutoka London jingine la kwenda Plymouth. Kwenye hili la pili, lilipofika Exeter, vijana wawili walikaa mbele yake na mikate yao ya nyama. Nywele fupi, mabegi mazito, pua zimebanduka ngozi kama viazi vya kuchemsha. Mmoja alikuwa anamtukana mwenzake kwa Kiingereza, na mwenzake anamrudishia kwa Kiingereza chenye lafudhi ambayo Gerlof angeijua hata usingizini.

Yule kijana Mholanzi aliiona nanga ndogo ya wanamaji kwenye kofia ya Gerlof. "Babu," alisema kwa Kiholanzi, "hiyo nanga umeiokota au ni yako?"

"Niliipata kabla baba yako hajajua kufunga kamba za viatu."

"Ala! Samahani, babu." Akamgonga mwenzake kwa kiwiko. "Ellis, kaa vizuri. Huyu mzee ni wa kwetu."

Yeye aliitwa Jorrit. Walikuwa wanarudi kutoka Norwei, wamechanganywa hema moja, na kila mmoja alikuwa na malalamiko yake. Ellis alisema Mholanzi huyu anakoroma kama boti. Jorrit alisema heri kukoroma kuliko kunuka. Nje ya dirisha reli ilishuka hadi ukingoni mwa maji pale Dawlish, wimbi moja likapiga ukuta na kurusha povu kwenye vioo, wala hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa Gerlof.

"Bado mnaangaliana uso?" aliuliza.

"Kila robo saa," alisema Ellis. "Ila huyu bwana anasema 'mzuri' kabla hajageuza shingo. Siku moja nitavaa kichwa cha mbuzi nione."

"Uso wako nimeuona mara elfu," alisema Jorrit. "Hakuna jipya."

Wakacheka wote wawili. Gerlof alijaribu kucheka nao, ikashindikana.

"Mimi nilifanya hivyo," alisema. "Mwenzangu hana ncha ya sikio."

Vicheko vikakatika. Jorrit alipangusa makombo mdomoni, akaonekana mdogo ghafla. Kisha alimgeukia Ellis na kumtazama, kweli kweli, pua na mashavu na masikio, mle mle ndani ya gari moshi lenye joto.

"Unanitazamia nini, we punda?" alisema Ellis, ameona haya. Lakini hakugeuza uso.

Waliachana stesheni ya Plymouth. Vijana wakampigia saluti ya utani, wakapotea kwenye mvua wakisukumana. Gerlof aliwasikia hata baada ya kutowaona.

Nyumba ya Denzil ilikuwa mtaa wa Stonehouse, kwenye safu ya nyumba zilizobanana kama abiria wasiopendana, mlango wa kijani. Pazia lilikuwa limefungwa saa nane mchana. Gerlof alibisha. Akabisha tena. Kitasa hakikucheza, ila kile kijidirisha cha kupitishia barua katikati ya mlango kilifunguka kidole kimoja.

"Hayupo," kilisema.

"Yuko wapi?"

"Amehama. Amekwenda Australia."

"Nani anayesema?"

"Mafundi."

Gerlof alipiga magoti kwenye ngazi. Magoti yakatoa sauti ambayo Bi Terpstra angeisikia. Akachungulia kwenye kijidirisha. Aliona suruali ya kulalia, kandambili ya manyoya mguu wa kulia, na mguu wa kushoto mtupu, vidole vimegeukia ndani kama vya mtu mwingine.

"Nimekuja kuangalia uso."

"Uso mzuri. Umesema mwenyewe Jumapili. Nenda nyumbani."

"Nilisema uongo."

"Basi sema tena, uondoke. Denzil hataki kuonwa. Unanisikia? Yule unayemtafuta hayupo, huyu aliyebaki hataki kuonwa." Sauti ilikuwa inakokota maneno, s zote zimelowa.

Mvua ilikuwa inaingia kwenye kola. Gerlof aliweka paji la uso kwenye mbao za mlango. Alikuwa amepanga kusema mambo mengine, mambo ya busara kuhusu hospitali na mazoezi. Kilichotoka si hicho.

"Betri zilikuwa nzima."

"Nini?"

"Betri. Za tochi. Norwei. Hazikuganda. Tochi ilikuwa nzima, Denzil, niliacha kuiwasha. Sikutaka kukutazama. Mara tatu."

Kule ndani kandambili ya manyoya ilisogea hatua moja kuelekea mlangoni.

"Kwa nini?" kiliuliza kile kijidirisha cha barua, polepole.

"Chembe za chokoleti."

"Chembe za..."

"Ulizimwaga kwenye uji. Boksi zima. Nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya siku yangu ya kuzaliwa. Nilikasirika."

Ndani ya nyumba kitu kizito kiligonga ukuta, komeo likalia, cheni ikalia, mlango ukafunguka kwa nguvu hata Gerlof akaanguka mbele juu ya mikono yake.

"Sikio langu!" alifoka Denzil Trewin. "Sikio langu! Kwa ajili ya peremende za watoto! Miaka arobaini na sita nakutumia betri, we mshenzi! Najibana, nasimama foleni posta na vibibi wenye kadi za Krismasi! Kumbe..."

Alikuwa amejishikiza kwenye fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umekasirika vibaya sana. Upande wa kushoto haukuwa na habari. Jicho lilikuwa nusu, shavu limeteremka, pembe ya mdomo imening'inia na uzi wa mate uking'aa kwa mwanga wa mchana.

Hapo ndipo alipokumbuka. Alinyamaza katikati ya tusi, mkono ukapanda kuficha shavu, na kwa kuwa ndio mkono uliomshikiza akapepesuka. Gerlof, aliyekuwa bado chini, alimdaka kiunoni. Wakabaki hivyo kwenye kizingiti, wazee wawili wamekumbatiana vibaya kama mabondia waliochoka, mpaka kila mmoja akapata miguu yake.

"Acha," alisema Gerlof, kwa maana ule mkono ulikuwa unapanda tena. "Acha nione."

Alimgeuza kuelekea mwanga. Akaanza na pua, kama walivyofundishwa. Shavu la kulia. Shavu la kushoto, na hapo hakuharakisha. Jicho moja, jicho la pili. Sikio zima. Sikio lisilo na ncha, na hilo alilitazama muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu lilikuwa linamdai muda huo. Alivua glavu, akaweka kiganja kitupu kwenye shavu lililolala. Halikuwa la baridi. Alikuwa ametegemea liwe la baridi.

"Kiharusi?"

"Wiki sita sasa. Nilianguka jikoni. Postamani ndiye aliyenisikia."

"Na hukuniambia."

"Ungenitazama."

"Mbaya," alisema Gerlof.

Neno lile hakuwahi kulitamka kwa Denzil, tangu waanze. Denzil aliliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea barua aliyojua iko njiani.

"Vua kofia," alisema.

Gerlof akavua. Mvua ikamdondokea kwenye upara. Jicho zima la Denzil lilimpitia, paji, mashavu yaliyoingia ndani, kidevu chenye nywele alizosahau kunyoa upande mmoja.

"Mbaya," alisema Denzil. "Kamera yangu ilikuwa imezimwa, yako haikuzimwa. Nimekuona ukikonda Jumapili baada ya Jumapili kama mtu anayefutwa kwa raba. Nikasema mzuri."

"Kwa nini?"

"Ningesema mbaya, ingebidi nije." Aliinua mguu wa kushoto kidogo, akauacha udondoke. "Na huu unakuja wapi?"

Wote wawili walijua kinachofuata ikiwa jibu ni mbaya, nao walikuwa wametoa mabaya mawili. Denzil aligeuka, akishika ukuta, akaongoza njia ndani.

"Birika liko juu ya jiko," alisema bila kutazama nyuma. "Na sijakusamehe."

"Sijaomba."

"Vizuri. Usiombe."

Jikoni palikuwa padogo. Juu ya meza palikuwa na kikombe kimoja, sahani moja, dawa kwenye kiboksi cha siku saba. Gerlof alifungua makabati matatu kabla ya kupata kikombe cha pili, kimejaa vumbi nyuma ya bakuli, akakiosha. Akachemsha maji. Akaweka boksi la chokoleti mezani. Denzil alilisukuma kwa kidole hadi upande wa pili wa meza, mbali, kama mtu anayesogeza kitu kinachonuka.

Walikunywa chai. Nyingine ilimtiririka Denzil kwa upande wa kushoto hadi kidevuni, naye hakujua, kwa kuwa upande ule haukumwambia kitu. Gerlof aliona. Alisubiri, kisha akagusa kidevu chake mwenyewe, mahali pale pale. Denzil akapangusa kwa mkono wa shati na kuutazama ukuta. Mvua iliendelea. Kutoka mtaani ilisikika sauti ya vijana wanapita wakiitana, ikafifia, kisha ikabaki saa ya ukutani peke yake. Gerlof hakujua kama ataruhusiwa kulala hapa au atarudi kwenye mvua na begi lake, wala hakuuliza. Denzil alikuwa amekunja uso, ule upande unaokunjika, na ilionekana wazi kwamba anahesabu betri.

Mshale wa saa ulisogea robo saa. Denzil aliutupia jicho.

"Uso," alisema, bado akiukabili ukuta.

Gerlof aliweka kikombe chini. Alivuta kiti chake mpaka mwanga wa dirisha ukamwangukia vizuri, akainua kidevu, akangoja.